Motoka mupya ya shemeki: nani afunge aksesware, konsesioneri ao sisi wenyewe?

Nianze na ule usiku wenyewe, juu bila huo usiku hakuna mutu angenisikiliza. Ilikuwa mwezi wa kwanza 2024, mvua kali, shemeki wangu, bwana ya mudogo wangu, alikuwa anarudi kutoka Likasi na pikapu yake ya kabini mbili, miezi tatu tu tangu aitoe kwa konsesioneri, muuzaji wa motoka mupya, nyuma anavuta remorki yenye mifuko 40 ya unga ya kilo 25. Saa mbili na nusu simu inalia. "Shemeki, mataa ya mbele yote imekufa, ku tablo kunawaka kila kitu, na kunanuka mupira unaungua." Alikuwa amebakisha kama kilomita 45 afike Lubumbashi, mu barabara ya taifa nambari 1, ile yenye makamio ya madini yanapita usiku na muchana bila kupumuzika. Nikamwambia zima, fungua kapo, chukua ufunguo wa 10 utoe waya mweusi wa batri, toka mu motoka wewe na kijana, mukae mbali na lami. Wakakata matawi ya miti wakaweka nyuma ya remorki kama vile watu wanafanya huku, wakaweka na pembetatu, wakangoja mu mvua mupaka asubuhi. Kamio moja ikawavuta kwa dolari 150.

Mudogo wangu hakulala. Mimi pia sikulala, na kuko sababu ingine: mimi ni elektrisie wa motoka, hii kazi ninaifanya Lubumbashi miaka 17, na yule shemeki hakuniuliza wakati alikuwa anafunga vile vitu. Hakuniuliza juu aliona ni vitu vidogo. Mataa, tapi za sakafu, chuma ya kuvutia remorki. Njo maana naandika hiki kisa chote na bei zake, kwa sababu kila mutu anayenunua motoka mupya anafika ku ile meza ya konsesioneri, anapewa karatasi ya aksesware, na anaanza kuhesabu.

Karatasi ya shemeki ninayo hapa, ya mwezi wa kumi 2023. Tapi nne za mupira dolari 160, nguo za viti 280, bako la plastiki la kufunika beni (pale nyuma pa mizigo) 520, atelaji (ile chuma ya kuvutia) na prizi yake ya remorki 890, rampa ya LED (mustari wa mataa makali) ya mbele 610, alarme pamoja na GPS 440. Jumla 2 900, na juu yake TVA, kodi ya mauzo, ya 16% ni 464, kwa hiyo 3 364. Shemeki akaangalia ile jumla akasema hapana, hii ni wizi, rampa ya LED mujini inapatikana kwa 85. Na kweli inapatikana kwa 85, hakudanganya. Akachukua alarme tu kwa konsesioneri, juu asiransi yake ilikuwa inaidai, akalipa 510 na TVA ndani, vingine vyote akaenda kuvitafuta mwenyewe: tapi 35, nguo za viti 70, bako la beni 230, atelaji akatengenezesha kwa musoudeur 260 na waya 30, rampa 85 na kuifunga 20. Yote 730. Vitu hivyohivyo kwa konsesioneri, TVA ndani, vingekuwa 2 853. Alirudi nyumbani anafurahi, alikuwa ameokoa zaidi ya dolari 2 100, na mutu yeyote mwenye watoto mu shule anaelewa hiyo furaha.

Sasa nilichokuta siku ile motoka imefika kwangu ikiwa imevutwa kama ng'ombe mugonjwa.

Nilifungua kapo nikafuata harufu. Pembeni ya taa ya kuume kulikuwa kolani nyeusi, ile tepe ya waya, imezungushwa nene kama kidole gumba, nikaikata na wembe pole pole. Ndani, waya wa ful (taa za kuangaza mbali) wa motoka ulikuwa umechunwa ngozi sentimita mbili, na waya wa rampa umesokotwa juu yake kwa mukono, bila kuchoma na bati, bila kosi, bila kitu. Ile shaba ilishageuka kijani, kijani ile ya malakiti, maji yalikuwa yanaingia humo tangu mvua ya kwanza. Ngozi ya waya kutoka hapo kurudi nyuma ilikuwa imekuwa kahawia, halafu nyeusi, halafu hakuna ngozi tena, waya mbili zimeshikana na zinagusa bati ya motoka. Nikaenda ku boksi ya fyuzi. Mahali pa fyuzi ya 15 kuko fyuzi ya 30.

Hiyo fyuzi ya 30 ndiyo ilifanya kisa kiwe kisa. Rampa yenyewe ku karatoni imeandikwa wati 300, nilipoipima na pensi ya ampea, injini inazunguka, batri iko 13,8, ilikuwa inakula ampea 13, maana yake wati 180 hivi. Taa ya ful ya motoka ni wati 60, inakula ampea 4 na kitu. Ukiziweka ku waya moja unapata 17, na fyuzi ni ya 15. Fyuzi haikatiki hapohapo, inavumilia, inapata moto, halafu inakatika, na ilikuwa inakatika kweli, shemeki aliniambia ilikatika mara tatu mu mwezi wa kumi na moja. Kila mara kijana aliyemufungia akaweka ingine, mara ya nne akaweka ya 30 akasema sasa haitakatika tena. Ni kweli haikukatika. Fyuzi iko pale ili ife yenyewe mbele waya haijaungua, ukiiongeza nguvu umegeuza waya wa motoka kuwa fyuzi, na waya wa motoka uko ndani ya fungu moja na waya zingine 30 ao 40.

Kuko kitu kingine ambacho kiliniuma zaidi. Ule waya mwekundu wa rampa nikaukwangua na kisu. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ni aliminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba kamili, kwa unene uleule inapata moto zaidi, na ukiikunja mara kazaa inakatika. Sisi tuko Katanga, tumezaliwa juu ya shaba, baba zetu walitoka mu shaba, na watoto wetu wanauziwa waya wa aliminiamu wanaambiwa ni shaba. Kwa hiyo ninyi wote munaonunua waya, ombeni muuzaji akwangue mbele yenu. Akikataa, mutoke.

Namna ya kufunga rampa ile ile ya 85 ili isiue motoka si siri. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba unatoka moja kwa moja ku batri, fyuzi ya 20 karibu na batri, isiende mbali zaidi ya sentimita 20, rele moja (swichi inayoamushwa na umeme kidogo), rampa inakula kupitia ile rele, na ku waya wa ful unachukua tu alama ya kuamusha rele, sehemu ndogo sana ya ampea, motoka haisikii. Pa kuungia hiyo alama unachoma na bati, unaweka mupira unaokazika na moto, unakaza. Vifaa na kazi kwangu ni dolari 110. Saa tatu za kazi. Konsesioneri alikuwa anaomba 610 na ninakubali hapo bei yake ni kubwa mno, lakini yule wa dolari 20 hakufanya kazi ya bei ndogo, hakufanya kazi.

Nije ku atelaji, juu hapo ndipo naogopa kweli. Musoudeur ni mutu muzuri, anasoude milango na makontena, chuma anaijua. Lakini alisoude moja kwa moja ku longeroni, zile chuma ndefu za chasi, na batri ikiwa imefungwa. Vitu viwili hapo. Chuma ya chasi ya pikapu ya siku hizi si chuma ya dirisha, ukiipika na moto wa soude mahali ambapo kiwanda hakikupanga unailainisha pembeni ya ile soude, na pale pembeni ndipo mupasuko unaanziaga, si leo, ni kisha mwaka ao mbili za kuvuta tani moja mu mashimo. Chasi nyingi za pikapu tayari kuko matundu ya kiwanda ya kukaza atelaji na bulon, haiombi hata kutoboa. Na kusoude na batri imefungwa ni kutuma umeme wa soude utembee mu kalkileta za motoka, ile sanduku ndogo zinaongoza injini na breki. Hapa tulipata bahati, hakuna iliyokufa.

Prizi ya remorki nayo ilikuwa imeunganishwa kwa kusokota ku waya za mataa ya nyuma. Zamani ilikuwa inaenda, mu motoka za miaka ya 90 hakuna shida, taa ni taa. Sasa mataa ya nyuma yanalishwa na kalkileta ambayo inahesabu ni umeme ngapi inatoka, ukiongeza ampuli za wati 21 za remorki inaona uzito si wake, inakata. Njo maana shemeki alikuwa analalamika tangu desemba kama klinyotanti, mataa ya kugeukia, zinakimbia haraka haraka na taa ya breki ya remorki mara inawaka mara hapana, na yeye akafikiri ni ampuli mbovu. Remorki ya tani moja bila taa ya breki ku barabara ya Likasi usiku, wewe unayesoma hii unaijua ile barabara, sihitaji kuongeza. Dawa yake ni moduli ya remorki, inakula umeme wake yenyewe ku batri na fyuzi yake, inasikiliza tu mataa ya motoka. Dolari 120. Atelaji yenyewe ya bulon, iliyopangwa kwa hiyo modeli, tuliipata kwa 480 kufunga ndani. Ile ya soude tukaikata, mahali pake nikapiga msasa, nikaweka antirui na rangi, na hapo pa longeroni ya kushoto sipapendi hata leo.

Tapi. Watu wanacheka nikianza na tapi, wanasema sasa tapi nayo ni uchambuzi. Nisikilizeni. Hapa Lubumbashi motoka nyingi zinatoka Japani kupitia Dar es Salaam na Zambia, volani kuume. Motoka ya konsesioneri wa hapa iko volani kushoto, juu sheria yetu ni kutembea kuume. Kwa hiyo tapi nyingi za maduka zimekatwa kwa sakafu ya volani kuume, ya dereva iko na umbo la upande ule, na matundu ya ndoano yako upande ule. Shemeki alinunua hizo za 35, ya dereva haikuingia muzuri, haikufikia ndoano, akaipanga juu ya ile tapi ya kiwanda ya kitambaa ili ikae. Nilikaa ku kiti, nikasukuma ile tapi na kisigino mara mbili tatu kama vile mutu anavyofanya akiendesha, ikatembea mbele, ukingo wake ukafika karibu kabisa na chini ya pedali ya gesi. Sentimita mbili zaidi na pedali inashikwa chini.

Mu 2009, tarehe 28 agosti, karibu na San Diego kule California, hicho kitu kiliua watu wanne wa motoka moja. Ilikuwa Lexus ES 350, na wachunguzi walikuta tapi ya mupira ya modeli ingine, ya RX 400h, imekamata pedali ya gesi. Na hiyo motoka haikuwa imefungiwa tapi na kijana wa barabarani, ilikuwa motoka ya konsesioneri, aliyomwazima muteja wakati motoka yake iko mu garaji. Kisha hapo Toyota iliita motoka karibu milioni 3,8 huko Marekani kwa sababu ya tapi na pedali. Ninakumbusha hiyo kila mara mutu akiniambia "mimi nafunga kila kitu kwa konsesioneri, nalala." Usilale. Tapi ya modeli yako, ya volani ya upande wako, moja tu haiwekwi juu ya ingine, na ndoano mbili zimeshika, hata kama ni bosi wa konsesioneri ameiweka na mikono yake. Tulipata za kweli kwa 90, na mutu anaziweka mwenyewe mu dakika tano.

Nguo za viti nitapita haraka. Kiti cha mbele cha hiyo pikapu kiko na erbagi (mufuko wa hewa wa kulinda mutu siku ya ajali) ndani ya ubavu wake, kuko kaetiketi kadogo kameshonwa pale. Nguo ya 70 ilikuwa imefunika ubavu wote na mushono wa nguvu, siku ya ajali erbagi ingepiga ndani ya nguo. Kuko nguo zinashonwa na mushono wa pembeni unaopasuka, 120, akabadilisha. Na bako la beni halina neno, limewekwa tu, limekazwa na klipsi, hakuna tundu, hakuna waya, alilipa 230 pahali pa 520 na TVA, hapo alishinda wazi.

Sasa garanti, juu hapo ndipo kelele zilikuwa.

Garanti yake ilikuwa miaka 3 ao kilomita 100 000. Tulipeleka motoka kwa konsesioneri wakafanya diagnostiki ya dolari 80, mukubwa wa atelie akatoka akasema, "Papa, garanti yenu ilishakufa, mulikata waya." Yote? Yote. Na wakati huohuo motoka ilikuwa inavuja mafuta ku sili ya boite ya vitesi, chini kabisa, kitu ambacho hakijui hata kama kuko rampa mbele. Shemeki akanyamaza, alikuwa na aibu, na mutu mwenye aibu anakubali kila kitu. Mimi nikaomba kitabu cha garanti nikasoma pale pale nimesimama. Imeandikwa kama garanti haifuniki uharibifu *unaoletwa na* kufunga vifaa visivyokubaliwa na kiwanda. Unaoletwa na. Haikuandikwa kama garanti inakufa.

Tukaandika barua, kurasa moja na nusu, tukaipeleka na kopi ya kusainiwa kama imepokelewa. Tukasema: fungu la waya za mbele hatuliombi, tuliliharibu sisi, tunalipa sisi. Sili ya boite tunaiomba, juu haina uhusiano, na kama mko na njia ya kuonyesha uhusiano muiandike. Tukakumbusha kama dekre yetu ya 1888 juu ya mapatano na madeni, ile wanaita kitabu cha tatu cha code civil, ku artikle 33 inasema mapatano yaliyofanywa kisheria ni sheria kwa wale walioyafanya, na mapatano yetu ni kile kitabu cha garanti, na si maneno ya mu atelie. Huko Marekani wako na sheria ya peke yake juu ya hii, tangu 1975, kama hawawezi kukunyima garanti juu tu umefunga kitu cha duka ingine, lazima waonyeshe kile kitu ndicho kimeharibu. Video nyingi watu wanazoangalia ku simu zinatoka kule, wanafikiri ile sheria inatembea mupaka Lubumbashi. Haitembei. Huku unategemea kwanza kitabu chako na faktire yako, kwa hiyo visome mbele haujalipa.

Siku 6 kisha, wakakubali sili ya boite, bila franga. Fungu la mbele walikataa, na walikuwa na haki, na ninasema hivyo mbele ya shemeki wangu. Mupya lilikuwa 1 140 bila kazi. Nililitengeneza mimi, waya moja moja, siku mbili, kwa 210 pamoja na kufunga rampa upya na rele, nilimuhesabia vifaa na mukate wa watoto.

Lakini kisa hakiishi hapo, na hii sehemu ndiyo ilinifundisha hata mimi. Mwezi wa tatu shemeki aliacha motoka mu parseli siku 12, akarudi, haiwaki, batri imekufa kabisa. Akanitazama kama ni mimi. Nikaweka mita: motoka imelala, milango imefungwa, na inakula miliampea 190. Ya kawaida haipite 50. 190 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 4 na nusu kila siku, siku 12 ni 55, na batri yake ni ya 70. Nikatoa fyuzi moja moja mupaka nikafika ku alarme na GPS, ile ile iliyofungwa na konsesioneri kwa dolari 510. Nikashusha plastiki ya chini ya volani. Klipsi za buluu, zile za kubana waya juu ya waya bila kuchoma, nne, moja imeshaanza kuota kijani. Na siku tuliirudisha, fundi waliyemuita kuja kutengeneza alifika na pikipiki, nikamutambua: ni kijana wa kata yetu, anafanyia mu barabara ya pili kutoka kwangu. Konsesioneri hana elektrisie wa alarme, anamuita yeye.

Mukono ulikuwa uleule wa kata yetu. Tofauti ni kama alarme ilikuwa imeandikwa ku faktire ya motoka, laini ya pili, na namba ya chasi pale juu. Kwa hiyo wakatengeneza yote bila kulipisha, wakachoma waya na bati kama tulivyoomba, wakabadilisha GPS, wakaweka batri mupya juu ile ya kwanza ilikuwa imekufa mupaka chini, siku mbili tu. Hakuna aliyesema garanti ilishakufa. Hakuna aliyeuliza nani alikata waya. Nilikaa pale mu atelie nikafikiri sana, kwa sababu miaka yote nilikuwa nabishana na watu kama mafundi wa konsesioneri ni wazuri ao ni wabaya kuliko sisi, na lile halikuwa ulizo. Shemeki alipolipa zile 510 alikuwa ananunua mutu wa kujibu, na hakujua.

Tuhesabu sasa, kwa haki. Alilipa 730 za kwanza. Kisha ile usiku: kuvutwa 150, diagnostiki 80, mimi 210, atelaji 480, moduli 120, tapi 90, nguo za viti 120, yote 1 250. Jumla 1 980. Konsesioneri alikuwa anaomba 2 853 kwa vitu hivyo. Kwa hiyo hata na ule upuuzi wote, ku karatasi bado amebakiza dolari 873, na yeye anapenda kuisema hiyo, na siwezi kumukatalia hesabu. Lakini hesabu haiweki siku 9 motoka imelala na wateja wanangoja unga, haiweki mudogo wangu ameketi mupaka asubuhi na simu mukononi. Na kuko hesabu ya tatu ambayo hakuifanya: kama angenunua vitu vya kweli na kuvifunga kama inavyotakiwa tangu siku ya kwanza, kwa mafundi walewale wa mujini, tapi 90, nguo 120, bako 230, atelaji na moduli 600, rampa 195, ingekuwa 1 235. Alipoteza 745 kwa kukimbilia bei ya chini, na angeokoa 1 618 kwa kungoja wiki moja tu aulize.

Watu wananiuliza sasa, wewe ungefanya nini. Kitu ambacho kinalala tu juu ya motoka, hakigusi waya, hakitoboi bati, hakikaribii pedali ao erbagi, nunua unapotaka na uweke wewe. Bako la beni, kapochi za mizigo, kifuniko cha volani. Kitu kinachoingia mu waya za motoka ao kinabeba uzito ku chasi, hapo sitazami kwanza nani anafunga, natazama nani atasaini. Atelaji ningeiombea kwa konsesioneri hata kwa 890, kama mutu anavuta tani moja kila wiki kama shemeki, lakini ningeiomba siku ile ya kununua motoka, mbele ya kusaini, juu siku ile bosi wa mauzo anataka motoka iende na ni siku hiyo tu bei ya aksesware inashuka. Ikishatoka langoni haishuki tena. Na ningeomba iandikwe ku faktire ile ile, na namba ya chasi, na neno "imefungwa na sisi". Rampa ningeipeleka kwa elektrisie wa inje anayekubali kunichorea karatasi: waya inatoka wapi, inapita wapi, fyuzi ni ya ngapi iko wapi. Akisema hana haja ya kuchora, yote iko mu kichwa, nenda kwa mwingine, juu siku ile uko kilomita 45 mu mvua kichwa chake hakiko na wewe.

Mafundi wenzangu wa Lubumbashi, hii sehemu ni yenu. Karatasi moja na kalamu haiongezi bei ya kazi. Mimi pia sikuwa naandika. Sasa natoa faktire, naweka jina langu, naweka namba ya simu, nasema ndani ya miezi 12 kazi yangu ikiharibika urudi. Wateja wawili walishanirudia, nilitengeneza bure, na wote wawili walileta wengine.

Vioo vya fime (vyeusi) hakufunga, nilimukataza, anasimamishwa na rulaje, polisi ya barabara, vya kutosha.

Jumamosi iliyopita alipita kwa garaji na remorki nyuma, anaenda Likasi. Kijana wake akasimama nyuma, shemeki akakanyaga breki, akaweka klinyotanti kushoto, kuume, akawasha ful, kijana anaitika kila moja, "iko, iko, iko." Mu kile kiboksi cha mbele ya abiria kuko mchoro wangu ndani ya plastiki, fyuzi mbili za akiba, moja ya 20 na moja ya 15, na ya 30 hakuna.